Babu wa Simba na Kisima Chake

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupika kama sisi, kijiji chao kilikuwa na kisima kimoja tu, na mwenyewe alikuwa Simba. Kila asubuhi aliwakalisha wenzake chini akawasimulia jinsi babu yake alivyokichimba peke yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuchota mpaka hadithi iishe. Na haikuwa hadithi ya kuisha upesi, niwaambie ukweli! Jua linapanda, madebe yanapata moto, Simba bado anazisifu sharubu za babu.

Bi Pimbi, mdogo kuliko wote pale, alikuwa na mtoto mwenye homa. Asubuhi hiyo alimwacha kitandani ulimi umemkauka, na roho ilimuuma sana. Aliona wazi kwamba akiisubiri hadithi yote, atarudi akute mtoto hayupo duniani. Kumwomba Simba alikwisha kumwomba jana, akafukuzwa.

Basi akapiga goti, akamwambia Simba kwamba sauti ya mzee imechoka, amruhusu yeye asimulie. Simba kwa kupenda sifa akakubali.

Pimbi akaanza kwa madaha yaleyale na maneno makubwamakubwa yaleyale. Lakini babu wa safari hii alikuwa amejifunga kanga ya mkewe kiunoni. Alichimba kidogo, akateleza, chubwi! Akatoka na tope masharubuni, akachimba tena huku akilia kucha zimekatika, na mkewe yuko juu anamfokea aharakishe, ugali unapoa.

Nyati alicheka kwikwikwi mpaka debe likamponyoka. Fisi ndiyo usiseme, alikuwa anagaragara chini. Simba akaona haya, na haya ikageuka hasira.

"Koma! Babu yangu hakuwahi kushika udongo," alinguruma. "Mfalme achimbe kama kibarua? Aliwaamuru pimbi wachimbe, yeye alikaa kivulini anakula nyama!"

Kicheko kikakatika.

Bi Pimbi akauliza taratibu, "Kwa hiyo, mzee, kisima hiki walikichimba nani?"

 Wote walikuwa wamemsikia Simba kwa masikio yao. Nyati akasogea kumpisha Bi Pimbi, na wengine wakasogea. Akajaza kibuyu chake, akakimbia nyumbani mbio, maji yanamwagika njia nzima. Mtoto akanywa, akanywa, akaomba mengine.

Haya, wanangu, shikeni hili: anayejisifu kwa jasho la wenzake, kiburi chake mwenyewe ndicho kitakachomuumbua.