Dirii Mbili kwenye Nguzo Moja

Hapo zamani, katika nchi ya Uyunani, ambako kila kilima kilikuwa na mji wake na kila mji ulikuwa na jemadari wake wa kuusumbua, palikuwa na mji ukiitwa Melanthia. Jemadari wa mji huo jina lake Kratemo, mtu mrefu wa kauli na mpana wa tumbo. Ng'ambo ya uwanda palikuwa na mji wa pili ukiitwa Orkia, na jemadari wake aliitwa Telemno, naye ukimtazama ungesema yeye na Kratemo wamezaliwa siku moja, kwa majivuno hata kwa unene. Basi miji hiyo miwili ikawa inagombea malisho ya mbuzi yaliyokuwa katikati ya uwanda, na malisho yenyewe madogo, mtu aliweza kuyavuka kabla uji wake haujapoa.

Na katika Melanthia alikuwako fukara mmoja, jina lake Gelasi, kazi yake kushona mikanda ya ngao. Mali yake ilikuwa punda mmoja, na nyumbani alikuwa na mkewe Mirtali, aliyemwoa kutoka Orkia siku ambazo miji ilikuwa ingali ikiamkiana. Watu walimhesabu Gelasi kuwa mpumbavu, kwa sababu kila alichoulizwa alikijibu kama kilivyo. Mimi nasema waliompa jina hilo hawakuwahi kumwuliza la maana.

Ikawa mwaka mmoja, zeituni zilipokaribia kuiva, Kratemo akatoa jeshi, na Telemno naye akatoa lake. Sasa yafaa ujue jinsi Wayunani walivyokuwa wakipigana. Walisimama safu kwa safu, bega kwa bega, kila mtu ameshika ngao kwa mkono wa kushoto na mkuki kwa mkono wa kulia. Ngao humfunika mtu upande wa kushoto, na upande wake wa kulia hubaki wazi, basi kila mtu hujibanza kidogo chini ya ngao ya jirani yake wa kulia, na jirani naye kwa jirani yake, na hivyo jeshi zima huenda likisogea kulia bila ya kuamriwa. Waoga hufanya hivyo na mashujaa pia, ila mashujaa hawasemi.

Siku ile vumbi lilikuwa jingi na hofu ilikuwa nyingi zaidi. Watu wa Melanthia wakasogea kulia kwao, watu wa Orkia wakasogea kulia kwao, vichwa vyote viko nyuma ya ngao, wakasogea na wakasogea, hata majeshi mawili yakapitana kama watu wanaopishana njiani kwenda sokoni. Vumbi lilipotua, Melanthia walijikuta kando ya mizeituni ya Orkia, na Orkia walijikuta katika kambi ya Melanthia, mbele ya vyungu vya asubuhi. Hakufa mtu. Mmoja aliteguka kifundo cha mguu kwa kumkwepa kobe. Na kila jemadari, alipoona amesimama mahali pa adui wake, akanena moyoni mwake kwamba ameshinda, akawarudisha watu wake kwa njia ya mbali.

Kesho yake Kratemo akakusanya baraza la watu wote, akaingia amevaa dirii yake ya shaba, lile vazi la vita la kukinga kifua. Dirii ile alifuliwa alipokuwa kijana, nalo tumbo halikuwa limengojea, ikawa kila akisema maneno matatu hana budi kupumzika.

"Enyi watu wa Melanthia," akanena, "jana tumeshinda. Iliyobaki ni nguzo."

Nguzo hiyo ilikuwa desturi yao. Walioshinda hukata gogo, wakalisimamisha uwandani, wakalivika silaha za adui, kisha kuhani hulimiminia mafuta likawa mali ya miungu. Tangu hapo hakuna mkono wa mtu, awe ameshinda au ameshindwa, unaoruhusiwa kuligusa. Basi kuhani wa mji, mzee Eumakho, ambaye alikuwa amekwisha chinja mbuzi wake wote kwa kutabiria vita vya Kratemo, akauliza kwa upole, "Na silaha za adui ziko wapi, Jemadari?"

Kratemo akaanza kuzikagua fundo za mikanda yake. Hapo mtu mmoja akacheka, naye alikuwa Gelasi.

"Ewe mshona mikanda," akanena Jemadari, "unacheka nini?"

"Niwie radhi, bwana wangu. Mimi nilikuwa safu ya pili. Nilipoinua kichwa nikamwona shemeji yangu wa Orkia akinipita mkono wa kushoto. Akaniuliza hali ya dada yake, nikamwambia hajambo, naye akaenda zake. Sasa nasikia kwamba tulishinda, nami nacheka kwa furaha, maana sikuwa na habari."

Baraza zima likaangua kicheko, na uso wa Kratemo ukaiva. Akangoja pumzi imrudie, akasema, "Kwa kuwa macho yako yanaona sana, wewe ndiwe utakayesimamisha nguzo. Kabla jua la kesho halijatua, isimame katikati ya malisho, imevikwa dirii ya Telemno. Usiibe, wala usimguse. Telemno mwenyewe awe ameivua kwa mikono yake, naye yu hai. Ukiweza, mara dirii yake itakaposhika mti wa nguzo, hii yangu niliyoivaa ni yako, uifanye upendavyo. Ukishindwa, utakwenda machimbo ya mawe, nawe hutatoka. Naapa kwa Zeu, mkuu wa miungu."

Kicheko kikafa. Machimbo yale watu waliyajua. Waliopelekwa huko walirudi majina yao tu, kwa wajane wao. Gelasi, lau angaliweza kukirudisha kile kicheko tumboni angalikirudisha. Lakini kichwa chake kilikuwa kimezoea kazi.

"Nimesikia na nimetii," akasema. "Ila, bwana wangu, katika mashindano ya Wayunani wote, tuzo huwekwa mbele ya macho ya watu kabla mkimbiaji hajainua mguu. Tuzo yangu naiona ingali kifuani mwako."

"Ndiyo desturi," akasema kuhani Eumakho.

Watu wakaitikia kwamba ndiyo desturi. Kratemo akaona haya kukataa, akaivua dirii kwa kusaidiwa na watu wawili, ikawekwa mikononi mwa kuhani.

Gelasi akaenda nyumbani akamweleza mkewe. Mirtali alilia, kisha akakasirika, maana alikuwa mwanamke wa namna hiyo.

"Ulimi umeponza kichwa," akasema. "Wangapi walikuwako barazani? Wote walijua kuwa ni uongo. Kwa nini ucheke wewe?"

"Nilidhani tutacheka sote."

"Mlicheka sote, na machimboni utakwenda peke yako." Akafuta macho. "Na huko kwetu ni hayo hayo. Jana jioni kaka yangu alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya kijito, anasema Telemno hali, halali, ametangaza ushindi na hana cha kutundika."

Gelasi akamwomba mkewe arudie maneno yale, naye akayarudia kwa hasira. Alfajiri akampanda punda wake, akashika tawi la mzeituni kuwa alama ya amani, akaenda Orkia.

Akamkuta Telemno barazani, katikati ya watu wake, amevaa dirii iliyombana vile vile. Gelasi akainama.

"Ewe Jemadari, nimesikia umeshinda."

"Nimeshinda," akasema Telemno, akatweta.

"Na nguzo yako ungependa ivikwe nini?"

"Kipo kitu gani kingine, ewe mtu? Dirii ya Kratemo. Nikiiona ile imetundikwa malishoni, nife siku hiyo hiyo nimeridhika."

"Miungu ikuweke, usife. Na mtu akiisimamisha leo kabla ya jua kutua, dirii ya Kratemo mwenyewe, ambayo ameivua kwa hiari yake, utampa nini?"

Telemno akacheka hata mikanda ikalia. "Mtu huyo? Nitampa hii niliyoivaa mwilini, aifanye apendavyo. Naapa kwa Zeu."

"Ahadi ni deni," akasema Gelasi, akawageukia watu. "Mmemsikia, enyi watu wa Orkia? Basi mimi ndimi mtu huyo. Na tuzo, kama mjuavyo, huwekwa mbele ya macho."

Watu wa Orkia, ambao walipenda mchezo kuliko vita, wakapiga makofi. Telemno hakuona hatari yoyote. Akavua dirii yake kwa mikono yake, yu hai kabisa, akamkabidhi kuhani wa Orkia.

Jioni ikafika. Katikati ya malisho Gelasi alikuwa amesimamisha gogo la mwaloni, na makuhani wawili wamesimama pande mbili, kila mmoja amekumbatia dirii ya jemadari wake. Majeshi nayo yalikuwa yamejipanga mbali, hili upande wa Melanthia, lile upande wa Orkia, na majemadari mbele yao wamevaa kanzu tu. Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mtu mmoja juu ya kilima.

"Haya, tundika," Gelasi akamwambia kuhani wa Orkia.

"La hasha," akasema yule. "Hii ni tuzo. Siiachi mpaka dirii ya Kratemo iwe juu ya mti."

Gelasi akamgeukia kuhani wa Melanthia. "Mzee wangu, tundika wewe."

"Mwanangu, ningependa," akasema Eumakho kwa huzuni, "lakini hii nami ni tuzo, siiachi mpaka ya Telemno iwe juu ya mti. Nimeapishwa."

Jua likagusa kilima. Gelasi akasikia masikioni mwake kama nyundo za machimboni. Akafumba macho, akafumbua.

"Wazee wangu," akasema, "viapo vyenu ni sawasawa, na mikono yenu ni mizima. Hamwezi kuiinua pamoja?"

Makuhani wakatazamana. Walikuwa na miaka mingi katika kazi ya miungu na hakuna hata mmoja aliyeona kosa katika jambo hilo. Basi wakahesabu, moja, mbili, tatu, wakainua pamoja, na dirii mbili zikashika mti kwa mpigo mmoja, ya Telemno ikielekea Melanthia, ya Kratemo ikielekea Orkia. Wakamimina mafuta juu yake, na jua likatua.

Majeshi yote mawili yakapiga ukelele wa ushindi, maana kila upande uliona dirii ya adui. Majemadari wakaja mbio, kwa kadiri ya miili yao, kutazama kwa karibu. Kratemo akaizunguka nguzo kwa kulia, kama ilivyokuwa desturi yake, na Telemno naye kwa kulia kwake, kila mmoja akafika upande wa mwenziwe, na kila mmoja akaiona yake.

"Dirii yangu," akasema Kratemo polepole, "kwenye nguzo ya Orkia."

"Si yako, bwana wangu," akasema Gelasi. "Ilikuwa yangu tangu ile nyingine iliposhika mti, ukaniambia niifanye nipendavyo. Nimependa kuitoa kwa miungu. Na hiyo ya Telemno vivyo hivyo."

"Mkamateni. Machimboni."

Hakuna aliyesogea. "Kwa kosa gani?" akauliza Eumakho. "Dirii ya Telemno ipo. Aliivua mwenyewe. Yu hai, yuko hapo. Uliapa kwa Zeu, Jemadari, na mimi nilikuwako."

Kratemo akanyosha mkono aishushe dirii yake, kuhani akamwambia, "Aigusaye nguzo amelaaniwa yeye na nyumba yake." Mkono ukabaki hewani, kisha ukarudi. Na hapo ndipo ilipowaingia majemadari wote wawili kwamba sheria ya miji yao humtaka jemadari asimame safu ya kwanza amevaa shaba kamili, na kwamba mfua shaba hafui dirii moja kwa chini ya miezi sita. Zeituni zitavunwa, baridi itapita, mbuzi watazaa, na hapatakuwa na vita.

Kratemo akavuta pumzi ili apige kelele. Ikawa pumzi ile ikaingia, ikaenda, ikafika mpaka chini, mahali ambapo pumzi haikuwa imefika kwa miaka. Akasahau alilotaka kusema. Akaitoa taratibu, akavuta nyingine. Akamtazama Telemno katika kanzu yake, naye Telemno akamtazama yeye.

"Ndugu yangu," akasema Telemno, "nawe tumbo limekutangulia."

Kratemo akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko vile watu wake walivyopata kusikia, kwa kuwa sasa kilikuwa na nafasi. Akamshika Gelasi bega, akasema, "Machimbo sikupi, ewe mshona mikanda. Umenivua nguo mbele ya watu nami sioni baridi. Twende, nitakurudisha kwako mwenyewe."

Wakaenda. Mirtali alikuwa amesimama mlangoni, na miguuni pake pana furushi: mikate, zeituni, na blanketi la machimboni. Alipomwona mumewe hana kamba mkononi, alimkumbatia, akampiga kifuani, akamkumbatia tena. Kisha akamwona yule mnene aliyesimama nyuma. Mirtali hakuwahi kumwona Kratemo ila ndani ya shaba, na kofia yake ya vita ikimfunika uso; akamdhania ni mmoja wa watumishi.

"Na wewe," akasema, machozi yakimtiririka, "ukirudi huko kwa huyo Kratemo wako, mwambie hivi. Mwambie nimekaa mlangoni hapa tangu alfajiri nikikunja na kukunjua blanketi la mume wangu, kwa sababu mtu mzima hawezi kuvumilia kuchekwa. Mwambie aone aibu. Utamwambia?"

Gelasi akafungua kinywa, lakini Kratemo akamwashiria anyamaze. Akainama mbele ya mwanamke yule, chini sana, chini kuliko dirii ingalimruhusu.

"Nitamwambia, mama," akasema.

Na inasemekana alimwambia kweli, kwa kuwa mwaka ule machimbo yalifunguliwa, na waliokuwamo wangali hai wakarudi makwao. Hekaya yangu imeishia hapo. Aliyeiona imepinda na ainyoshe yeye.