Tumbo Lililojifanya Rubani

Gizani usiulize tumbo, uliza mshale. Mnaisema kila siku, wanangu, hata kwenye mambo yenu ya uchumba, na leo ndiyo mara ya kwanza mnauliza ilitoka wapi. Haya, tulieni. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na shule ndogo ya urubani kando ya shamba la mkonge, kule Taita. Mkufunzi, Kapteni Mwadime, alikuwa na desturi yake. Mchana, mwanafunzi akishazoea, alifunika vipimo vyote vya ndege, mishale yake yote, kwa leso ya mkewe na kusema, "Rubani huisikia ndege mwilini." Na hakuna aliyeisikia kama Mghoi, binti wa fundi cherehani. Wenzake walimwonea kijicho. Alibakiza jambo moja tu apate leseni: kuruka usiku.

Usiku wenyewe haukuwa na mwezi. Ndege ikakimbia, magurudumu yakaacha ardhi, taa za kiwanja zikabaki nyuma. Mbele palikuwa giza tupu, hakuna mlima wala upeo wa kutazama kama mchana. Kasi ilipoongezeka, Mghoi akahisi mgongo unagandamizwa kitini, na tumbo likamwambia pua ya ndege imeinuka mno. Akaliamini, kama alivyozoeshwa. Akasukuma usukani mbele ili aishushe pua. Kapteni, aliyekuwa amegeuka kutazama taa za kiwanja, alipiga kelele wakati maji yameshamwagika. Ndege ilifyeka mkonge safu kwa safu, ikasimama bila bawa moja.

Mungu ni mwema, walitoka wazima, ila kapteni alivunjika mkono. Wakaketi chini katikati ya miiba.

"Mshale wa mwinuko ulisema nini?" kapteni akauliza.

"Sikuutazama. Tumbo lilisema tunapanda mno."



Wachunguzi walipokuja, wengi walidhani ni injini. Mghoi angenyamaza tu, leseni angeipata. Usiku kucha hakulala kwa hofu ya kuikosa, maana hakutaka kazi nyingine duniani. Asubuhi akasema, "Injini haina kosa. Mimi ndiye niliyeishusha ndege."

Mchunguzi akafunga faili. "Basi, binti, urubani si kazi yako."

"Ni kazi yake," kapteni akasema, mkono umefungwa shingoni. "Mwaka mzima nimemfunikia vipimo kwa leso. Mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza tumbo. Nipeni miezi mitatu nimfundishe kuuliza mshale."

Wakampa, ingawa kwa shingo upande.

Miezi mitatu ikapita, wawili hao wakaruka tena usiku, kiwanja kilekile. Msidhani tumbo lilikuwa limepata adabu. Wapi! Lilianza uongo wake uleule, na jasho likamtoka Mghoi.

"Tumbo linasemaje?" kapteni akauliza.

"Linasema pua imeinuka mno, tutaanguka."

"Na mshale?"

"Unasema tunapanda vizuri."

"Unamsikiliza nani?"

Mghoi alikaza macho kwenye mshale, mikono yake ikatulia, na ndege ikapanda taratibu juu ya mkonge hadi taa za mji zikaonekana, akacheka kwa furaha peke yake. Leseni aliipata. Siku hizi yeye ndiye mkufunzi pale, na kila mwanafunzi anayeruka usiku kwa mara ya kwanza humwambia neno moja tu kabla hawajaondoka: gizani usiulize tumbo, uliza mshale.