Kidole cha Bi Zamda

Samli huonjwa chini. Ndivyo Mama Rehani alivyomwambia asubuhi hii yule kijana mtanashati aliyekuwa akimhimiza abonyeze "kubali" kwenye simu, apate mkopo kabla saa sita haijafika. Mama Rehani alivaa miwani, akaomba asomewe masharti mpaka mstari wa mwisho, na kijana akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Nanyi mmekuja mbio kuniuliza samli imeingiaje kwenye simu. Sogeeni, kila mmoja achukue kunde za kumenya, maana mdomo wangu ukifanya kazi mikono yangu hulala.

Methali hii ilianza hivi, tena ilianza kwa ugomvi.

"Ulilishwa nini, Zamda, hata nawe ukatulisha viazi?"

"Nilionja mbele yako, Mwashamba. Kidole changu ulikiona."

"Kidole nilikiona. Nauliza ule mkono mwingine ulipokea nini."

Anayeuliza ni marehemu mama yangu, Bi Mwashamba, kasimama barazani na sinia mkononi. Anayeulizwa ni Bi Zamda, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta na mpishi wa pilau wa mtaa mzima. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Harusi iliyogombewa ilikuwa yangu, ya Jumapili. Mimi nilikuwa ndani, nimefungiwa, nimepakwa hina mikono na miguu. Lakini masikio hayapakwi hina, na dirisha letu halikuwa na kioo.

Zamani hizo samli iliuzwa mtaani kwa mkokoteni, na kwetu hakuna aliyenunua kabla Bi Zamda hajaonja. Muuzaji alifungua kopo moja, Bi Zamda akachota kwa ncha ya kidole, akapaka nyuma ya kiganja, akanusa, akalamba, akafumba macho. Watu wakanyamaza kama wanangoja mwezi uandame. Akisema "imepita," basi imepita, kila mtu anakimbilia lake. Kuzamisha zaidi ya ncha ya kidole kulikuwa aibu kubwa, kwani ni sawa na kumwambia mgeni wa watu usoni kwamba ni mwizi, hata chai hajanywa. Adabu yetu ilikuwa na urefu wa ukucha mmoja.

Jumatano ile alikuja mwanamume aliyejiita Salumu, ingawa sidhani kama mama yake alimjua kwa jina hilo. Alikuja alfajiri ya kipupwe, samli imeganda kama sabuni. Aliwaamkia shikamoo hata waliomzidi mwaka mmoja. Akasema samli yake haionjwi na mtu yeyote ila Bi Zamda, kwa kuwa sifa zake zimefika mpaka kwao. Kisha akaongeza kwamba ana treni ya saa nne ya kwenda Mwanza, ila wasimwonee haya, wachague taratibu tu. Kwa kusema hivyo akawakimbiza wote.

Bi Zamda akaonja, ikapita. Nyumba saba zikanunua, yetu ikiwamo, na mama akachukua makopo manne ya harusi. Wakati wa kuaga, Salumu akamwachia Bi Zamda kikopo kidogo cha shukrani. Mama alikiona.

Ijumaa mama alifungua kopo la kwanza. Juu palikuwa na samli safi, vidole vitatu hivi. Chini yake vilikuwa viazi vitamu vilivyochemshwa, vikapondwa na kutiwa manjano. La pili vilevile, la tatu na la nne vilevile. Ndipo akamimina viazi kwenye sinia, akatoka nalo barazani, na ugomvi ukawaka kama mlivyousikia. Wenye nyumba sita nyingine wakasimama milangoni kwao, wala hawakujifanya wanafagia.

"Aliyepokea kikopo," mama akasema, "hapiki harusi ya mwanangu."

Neno hilo lilinichoma mpaka mimi huko ndani. Bi Zamda ndiye aliyenipokea siku niliyozaliwa. Hakuna harusi ya mtaa wetu iliyopikwa bila mwiko wake, na mpishi anayefukuzwa harusi ya jirani haitwi tena na mtu kuonja wala kupika. Jina lake linakuwa limekwisha.

Hakulia. Aliingia kwake, akarudi na kile kikopo, akakipindua juu ya sinia la mama. Viazi. Yule mtu alikuwa amedanganya hata kwenye zawadi.

Hata hivyo mama hakurudisha maneno yake. Bi Zamda akachuchumaa, akaanza kuchokoa vile viazi kwa kijiti, kama mtoto aliyekuta mdudu asiyemjua. Hasira hakuwa nayo tena. Alitaka kujua tu. Akasema huyu bwana amejuaje urefu wa kidole changu? Akachokoa tena, akauliza: hii ya juu ni samli kweli, basi anaitoa wapi? Mwisho akainua uso, akauliza Jumatano kuna treni ya Mwanza?

Baraza zima likapigwa na butwaa. Nusu ya wanaume wa mtaa wetu walikuwa watu wa reli, na baba yangu mwenyewe alikata tiketi stesheni. Zamani hizo treni ya Mwanza iliondoka Jumamosi tu, hata watoto wa mtaa walijua hivyo. Lakini mtu alipotuambia ana haraka, tuliona haya kumuuliza anakwenda wapi.

"Basi yumo humuhumu mjini," Bi Zamda akasema. Akafunga kanga. "Haya jirani, twende. Utanichukia njiani."

Walimkuta ng'ambo ya reli, kazungukwa na wanawake wenye vyombo. Walipomwona Bi Zamda walifurahi, maana sifa zake huko nako zilifika kweli. Salumu hakushtuka hata kidogo. Alitabasamu kama mkwe.

"Shikamoo mama. Hawa wanasitasita. Hebu waambie ile ya kwenu ilikuwaje."

Mama alinisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipoelewa jinsi mtu anavyonaswa. Neno moja tu, "ilipita," na Bi Zamda angerudi nyumbani na sifa zake, aibu ikabaki mtaani kwetu. Wanawake wote walikuwa wanatazama mdomo wake. Akatoa mwiko wa pilau chini ya kanga, mrefu kama mkono wa mtu.

"Marahaba, mwanangu. Leo naonja chini."

"Mama, unanivunjia heshima mbele za watu. Tangu lini samli ikaonjwa chini?"

"Tangu leo."

Salumu akaweka kiganja juu ya kopo. Akasema treni yake inamwacha.

"Treni yako ni kesho," mama akamwambia. "Anayeikatia tiketi ni mume wangu."

Mwiko ukazama, ukatoka na viazi. Bi Zamda akauinua watu wote waone, kisha akasema kwa sauti ileile ya kila siku kwamba juzi alionja juu akasema imepita, na nyumba saba zimenunua viazi kwa ulimi wake. "Nitazameni vizuri," akasema. "Ni mimi." Hakuna aliyecheka.

Kisha akainama kwenye mkokoteni, maana swali lake la pili lilikuwa bado halijajibiwa. Chini ya magunia palikuwa na debe moja. Akazamisha mwiko mpaka ukagonga bati, na samli ikatoka safi mwanzo hadi mwisho. Hilo ndilo lililokuwa likipaka uso makopo yote. Mjumbe wa mtaa akaitwa, akaamua debe ligawiwe nyumba zilizoibiwa. Salumu akapelekwa kituoni, safari hii bila haraka. Na zile nyumba sita zikasema fungu lao lipikiwe harusi.

Jumapili mama akapika mwenyewe. Hakuwa amemwita Bi Zamda, na Bi Zamda si mtu wa kuja bila kuitwa. Mchana, vyakula vikiwa tayari, nikamsikia mama anatoka, akasimama kwenye mlango wa jirani. Kuomba radhi hakukujua mama yangu.

"Zamda, pilau imeiva."

"Nimeinusa. Bizari umezidisha."

"Najua. Sikuja kukuita upike. Umepika harusi zetu zote, na hujakaa mkekani ukaandaliwa hata siku moja. Leo sinia la kwanza ni lako, na bi harusi anakungoja mle pamoja."

"Na kile kikopo?"

"Nilikuonja juu, jirani. Kama ulivyoonja wewe." Mama akasukuma mlango ukafunguka wote. "Njoo kwetu ule. Anzia chini ya pilau, ndiko mafuta yaliko. Samli huonjwa chini."