Kikao Kisicho na Chakula

Mwaka ule mvua iliondoka bila kuaga, na katika bonde zima likabaki dimbwi moja tu la maji. Wanyama walilifikia kwa njia fupi iliyopita kando ya kichuguu. Hata Mama Kobe, ambaye yeye na haraka hawajawahi kukutana, aliondoka na watoto wake alfajiri, wakanywa, wakarudi kabla ya giza.

Njia hiyo ilimkera Fisi, maana ilipita mbali na pango lake. Akaenda kwa Simba, ambaye alikuwa mfalme na hakutaka yeyote asahau jambo hilo hata kwa nusu siku.

"Mtukufu, bonde linahitaji barabara ya kisasa," alisema Fisi. "Ipande mlimani, ipite kwangu, ndipo ishuke majini. Tutaipa jina lako."

Simba akanyoosha shingo. "Itakuwa pana?"

"Pana kama sifa zako."

"Na wananchi wametoa maoni?"

"Nitawaita keshokutwa, hapa hapa kwenye jiwe lako."

Asubuhi ya kikao Fisi aliamka mapema, akaiziba njia fupi kwa magogo. Jiwe la Simba lilikuwa ng'ambo ya magogo hayo, basi kila aliyetaka kuhudhuria ilimbidi auzunguke mlima mzima. Saa ilipofika, kikaoni walikuwepo Simba, Fisi, na inzi wa Fisi.

"Naona hawana neno," alisema Fisi. "Asiyefika amekubali."

Simba aliipenda kauli ile. Ilikuwa fupi na ilisikika kifalme. "Kuanzia leo hiyo ni sheria," akanguruma, "na neno langu halirudi nyuma."

Mama Kobe alifika siku ya tatu. "Nimekuja kutoa maoni," alisema huku akihema.

"Maoni yalifungwa juzi, mama," alijibu Fisi.

Barabara ikafunguliwa, na kwa kuwa njia fupi ilibaki imezibwa, kila mwenye kiu ilimbidi aipande. Mlima ule haukuwa na huruma. Ngiri mzee alianguka hatua chache kutoka pangoni kwa Fisi, na Fisi akamfanyia mazishi mafupi yasiyohitaji kaburi. Hapo kila mmoja akaelewa barabara ilijengwa kwa faida ya nani. Mama Kobe akamwendea Sungura, mjanja wa bonde, akalia bila kujificha.

"Mwanangu, watoto wangu hawawezi kuupanda mlima ule. Watakufa kwa kiu."

"Nyamaza, mama. Sheria tunayo, na ni nzuri. Tuitumie."

Sungura akamwomba Simba kikao kingine cha barabara. Simba, aliyependa kuketi akitazamwa, akakubali. Kisha Sungura akaenda hadi mlangoni kwa Fisi na kutangaza:

"Kikao ni baada ya siku nne, saa sita mchana, kwenye jiwe la Mtukufu. Ajenda ni barabara. Chakula hakitatolewa."

Masikio ya Fisi yalikuwa yamesimama. Sasa yakalala. "Hata mfupa?"

"Hata harufu yake, bwana."

"Basi hicho si kikao. Nendeni mkapige kelele zenu."

Siku ile wanyama walijaa. Safari hii wote walikuwa wameondoka makwao mapema, na Mama Kobe alikuwa njiani tangu siku tatu nyuma.

"Tunaomba njia ya zamani ifunguliwe," alisema Sungura, "na magogo yake yakazibe barabara mpya, pale inapotoka kwa Fisi kushuka majini."

"Fisi mwenyewe anasemaje?" aliuliza Simba.

"Hakufika, Mtukufu."

Simba akakunja uso, kwa kuwa Fisi alikuwa msifu wake hodari. Sungura akainama kwa heshima. "Na asiyefika, Mtukufu?"

Simba alitazama huku na huku. Bonde zima lilikuwa likimsikiliza. "Amekubali," alisema kwa shida.

Nyati wakayahamisha magogo jioni ile ile. Fisi alipotoka na kiu yake akakuta pamezibwa, na ikambidi auzunguke mlima kwa miguu yake mwenyewe. Alifika kwa Simba ulimi nje.

"Mtukufu, nimeonewa. Sikushirikishwa."

"Hukutangaziwa?"

"Nilitangaziwa."

"Ulizuiwa na nini, basi?"

Fisi akaangalia chini. "Hakukuwa na chakula."

Wanyama walicheka hadi Nyati mmoja akakaa kitako. Mama Kobe alikuwa akipita na watoto wake, midomo yao imelowa maji. Kwa adabu aliyolelewa nayo, akafungua kinywa amwambie Fisi pole. Akafikiri kidogo, akakifunga, akaenda zake.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.