Walitoka Yadi Bila Gari

Wapendwa, leo mnivumilie. Wiki hii nimezika mara tatu, na sauti iliyobaki ni hii mnayoisikia. Sitapaza sauti. Nitawasimulia habari za mtu na mkewe, tuzitafakari, kisha kila mmoja aende akapumzike.

Palikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea mageti, tumwite Baba Ndeshi. Mkewe, Mama Ndeshi, alikuwa akiuza vitenge sokoni mpaka figo zake zilipogoma. Ikabidi mara tatu kwa wiki apelekwe hospitali ya mkoa kusafishwa damu. Walikwenda kwa bajaji. Ile barabara ya mawe mnaijua wenyewe. Mama alirudi nyumbani akiwa hana nguvu hata ya kushika kikombe. Miezi minane walikwenda hivyo. Mwisho fundi akauza kiwanja chake kidogo, akamwambia mkewe, "Mama Ndeshi, tunanunua gari."

Wakafika yadi ya magari saa tatu asubuhi. Palikuwa na gari dogo jeupe, na kwenye kioo imebandikwa bei: milioni kumi na mbili. Muuzaji, bwana wa makamo mwenye shati lililonyooka, akawapokea kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Karibuni. Mama asisimame, mleteeni kiti. Na soda."

Fundi akasema ana milioni kumi na moja. Muuzaji akainuka: "Ngoja nikaongee na bosi." Akapotea nusu saa. Akarudi anajifuta jasho. "Mzee, nimekupigania. Kumi na moja na nusu." Wakashikana mikono. Fundi alifurahi, akamtazama mkewe kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha zikaja karatasi. Hii ya usajili. Hii ya bima. Hii ya kuandaa hizo karatasi nyingine. Hii ya king'ora cha wezi, ambacho tayari kimefungwa na hakitoki. Kumi na moja na nusu ikawa kumi na nne. Fundi akalalamika. Muuzaji akaenda tena kwa bosi. Akarudi, akaenda tena. Saa saba ikapita. Miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba, na kichwa chake ameegemeza ukutani.

"Mzee wangu," muuzaji akasema, "kuna mteja yuko njiani na pesa taslimu. Mimi nakuonea huruma wewe. Hebu tuache habari ya bei. Kwa mwezi unaweza kutoa ngapi?"

Mmelisikia swali hilo? Tuache habari ya bei! Fundi akawaza, akajibu, "Laki sita."

"Basi tumemaliza! Toa milioni tano leo, laki sita kila mwezi, na gari unaondoka nalo sasa hivi." Akaweka funguo mezani. Akaweka na kalamu.

Fundi akaishika ile kalamu. Niwaulize, kwa nini? Alikuwa mjinga? Mtu anayepima chuma mpaka milimita ya mwisho? Wapendwa, alikuwa amechoka. Mke anaumwa, jua linawaka, na njia fupi ya kwenda nyumbani ilikuwa kuweka sahihi. Muuzaji alilijua hilo tangu saa tatu. Zile safari zote za kwa bosi, bosi mwenyewe hakuwepo. Alikuwa safarini tangu juzi yake. Bwana yule alikuwa anakaa chumba cha nyuma, anaangalia saa, anangoja watu wachoke.

Mama akafumbua macho. "Kwa miezi mingapi?"

"Ishirini na minne tu, mama."

Mtu aliyeuza vitenge miaka ishirini hahitaji kikokotoo. "Na hiyo tano ya leo," akasema taratibu. "Ni milioni kumi na tisa na laki nne. Baba Ndeshi, weka kalamu chini. Twende."

"Mke wangu, gari lenyewe ni kwa ajili yako. Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini sijachoka kiasi hicho."

Najua mnasubiri niseme kwamba muuzaji aliwakimbilia getini akiwa amepunguza bei. Hakuwakimbilia. Walifika getini, fundi akageuka kutazama, hakuna aliyewaita. Wakapanda bajaji. Njiani mama akatapika. Na mumewe alinuna siku mbili, kwa sababu kufanya lililo sawa kuliwaacha na ile barabara ileile.

Wiki tatu zikapita. Siku ambayo mama hakuwa na hospitali, fundi alikula akashiba, akamchukua rafiki yake makanika, wakazungukia yadi nyingine. Hakukaa kitini. Alisema amesimama: "Niandikie bei moja, yenye kila kitu ndani, mpaka natoka getini." Muuzaji wa kwanza akacheka. Wa pili akasema, karibu soda kwanza. Wa tatu akaandika: kumi na moja na laki mbili. Makanika akaingia uvunguni, akakuta bushi za mbele zimekwisha. "Basi punguza gharama ya bushi kwenye bei," fundi akasema. Ikawa kumi na moja kamili. Gari la kijani lililopauka, kiti cha nyuma kimeshonwa. Jumatano mama alilala usingizi njia nzima kutoka hospitali.

Sasa sisi. Tunadhani tutaangushwa siku tutakapokosa akili. Mara nyingi akili tunazo. Tunaangushwa saa nane mchana, tumekaa mno, tunataka tu jambo liishe. Ndipo tunasema "haya." Ni nani hapa hajawahi kusema "haya" ya namna hiyo? Kwenye ndoa? Kwenye kikao cha ukoo?

Mimi nimesema. Mwaka jana shemeji mtu na mjane waliniletea shauri la shamba. Shemeji aliongea saa tatu. Mama yule aliongea dakika tano, akalia. Nilikuwa nimetoka msibani, nataka kwenda kulala. Nikampa haki aliyeongea sana, na nikaomba sala ya kufunga kikao. Nilijua haki haikuwa yake. Tangu siku ile nimehubiri hapa Jumapili arobaini, na nilikuwa najua.

Mjane yule simtaji jina. Yeye anajijua, na amekuja leo, Mungu ambariki kwa kuendelea kuja. Mama, tukitoka usiondoke. Wazee wa kanisa, na ninyi bakini. Lile shauri tunalifungua upya mchana huu, na safari hii utaanza kusema wewe.