Biskuti Zilizotupwa Mapema

Wapendwa, twendeni kidogo jikoni. Jiko lenyewe liko milimani kwenye baridi, nyumbani kwa mama mmoja mjane ambaye ujanani aliwapikia masista wa Kijerumani. Kwao alijifunza kuoka biskuti zao za Krismasi: unga, asali, mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi, na pilipili manga kidogo ya kuushtua ulimi. Kwa miaka mingi, kila aliyepita kwake baada ya ibada ya Krismasi alipewa biskuti moja na kikombe cha chai. Wapo waliopita mara mbili.

Mwaka huo macho ya mama yalikuwa yamefifia. Akamwita mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyeolewa miezi mitano tu nyuma.

"Mwanangu, mwaka huu biskuti ni zako."

Akamtajia vipimo vyote, kimoja kimoja, mpaka binti akaviweka kichwani. Kisha, kwa kumheshimu, akasema, "Mimi jikoni siingii. Sitaki useme mama mkwe anakuchungulia sufuria."

Jumatatu ya kwanza ya Majilio binti akakanda, akakata, akapanga kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Harufu ikajaa ua mzima. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alijiona ni mtu wa nyumba ile. Zilipopoa akaiuma moja. Jino likagoma.

Wifi yake akapita, akachukua moja, akaigonga mezani. Ko! Ko!

"Wifi, hizi umemwokea nani? Tumwite fundi, ana msingi hajaumaliza."

Akacheka, akaenda zake. Hakuwa na ubaya. Yeye biskuti za mama yake alizila siku ya Krismasi tu. Siku ya kuokwa hajawahi kuionja hata moja.

Binti akabaki amesimama. Amuulize nani? Ungekuwa wewe, mgeni katika nyumba, umepewa kazi ya heshima kuliko zote, ungekwenda kusema umeshindwa? Akazimimina zote kwenye chakula cha nguruwe, akaosha sufuria. Kwa wiki mbili akawa anamkwepa mama mkwe wake uani.

Jumapili ya tatu ya Majilio, mama akamwambia, "Hebu niletee kopo la biskuti nilinuse."

Kopo likaja. Akalipokea, akalitikisa. Kimya.

"Ziko wapi, mwanangu?"

Binti akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Ziliniharibikia. Zilikuwa ngumu kama mawe, nikawapa nguruwe."

"Ngumu lini? Siku ya kuoka?"

"Siku hiyo hiyo, mama."

"Lakini ndivyo zinavyotoka! Unazifungia kwenye kopo na ganda la chungwa, wiki tatu, zinavuta unyevu, zinalainika zenyewe. Hilo kila mtu anali..."

Hakumaliza. Kila mtu nani?

"Sikuambiwa, mama," binti akasema, taratibu, bila hasira.

Mama akalitafuta kochi kwa mkono, akakaa. Akamgusa mkwe wake shavuni, akakuta machozi.

"Kweli hukuambiwa. Nimekupa vipimo vyote, nikakunyima siku za kungoja. Inuka, mwanangu. Aliyeharibu ni mimi."

Kesho yake wakaoka tena, safari hii wote wawili. Lakini siku zilizobaki hazikutosha. Krismasi ile watu walipewa biskuti ngumu, wakazichovya kwenye chai, na kila aliyeguna mama alimwambia mwenyewe, "Nilaumu mimi, baba. Mkwe wangu ameoka sawasawa."

Sasa, ndugu zangu, najua wengi wetu tulikuwa tumeshamhukumu yule binti. Tulisema hana subira. Lakini mtu atasubiri vipi jambo ambalo hajui kwamba lipo?

Turudi kwetu. Vijana waliopata kipaimara mbele ya madhabahu hii mwaka juzi, tuliwapa vipimo vyote: amri, sala, nyimbo. Leo wako wapi? Tunasema vijana wa siku hizi hawadumu. Ni nani kati yetu aliyewaambia kwamba sala mwanzoni huwa kavu? Nani alikiri kwamba alisoma Neno miezi mingi bila kusikia kitu, au kwamba siku ya kwanza ya kumsamehe mtu moyo bado unauma vilevile? Hatukusema. Wengine tuliona aibu, na wengine tumekaa kanisani muda mrefu hata tumesahau. Kwa hiyo kijana akajaribu wiki moja, akaona ugumu, akaamini kwamba yeye ndiye mbovu, akaacha. Na sisi tukamwita mlegevu!

Wapendwa, wapo walioiacha imani kwa sababu tu sisi wakubwa wao tuliwaonyesha ushindi wetu na kuwaficha miaka yetu ya kuhangaika. Hilo ni deni letu, si lao.

Yuko mtu mmoja amekujia kichwani sasa hivi ninaposema. Usimpelekee maonyo. Nenda, ukae naye, umwambie bila kuficha: "Hata mimi, mwanzoni, ilinishinda."