Mdai Hutangulia Njia

Mdai hutangulia njia. Mmelisikia neno hilo leo kwa mama yenu, akimnyamazisha huyo kaka yenu anayedai kila kitu humu nyumbani, na sasa mnataka chanzo chake. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu Upare, barabara ya gari ilipokuwa bado haijapanda mlima.

Palikuwa na mwanamke jina lake Nakijwa. Aliolewa Korogwe akakaa huko miaka ishirini, na mumewe alipofariki akarudi milimani. Mama yake alikwisha kuzikwa zamani. Shamba la migomba aliloliacha mama huyo lilikuwa limemezwa na la jirani, Kisaka, ambaye ni binamu yake Nakijwa. Masale, mimea ile wazee wanayoipanda kuwa alama ya mpaka, yalikuwa yameng'olewa yote. Nakijwa hakuwa na pahali pengine pa kulaza ubavu, akaenda kushtaki.

Mtu aliyemwandikia madai alimshauri asiwe mnyonge. Adai shamba, na chemchemi iliyo chini yake vilevile. Nakijwa akakubali. Mtu aliyeonewa naye ana tamaa yake, msidanganyike.

Sasa, enzi hizo kesi ya ardhi haikuamuliwa chini ya paa. Hakimu na wazee wa baraza walifika shambani, mdai akatangulia kuufuata mpaka anaoudai, wengine wote wakamfuata kimya. Nakijwa, mtu wa Korogwe, hilo hakulijua. Alikuwa amemleta mjomba wake, msemaji hodari, akidhani kesi ni maneno.

Asubuhi hiyo ukungu ulilala bondeni hata mgomba wa tatu huuoni. Mjomba akajitokeza mbele na koo lake limeshasafishwa. Hakimu akamuuliza kama yeye ndiye mdai. Akajibu kwamba mdai ni mpwa wake.

"Basi rudi nyuma," hakimu akasema. "Mama, tangulia."

Nakijwa aliogopa. Alama hazipo, macho hayaoni, na miaka ishirini si siku mbili. Akavua viatu kwa sababu ya utelezi, akaanza kwenda.

Ndipo miguu ikaanza kukumbuka. Ikalikuta jiwe lile la baridi, ikateremka pale penye mizizi, ikapinda yenyewe. Ukungu ulimfungukia hatua moja mbele na kujifunga nyuma yake. Akasikia harufu ya moshi wa jiko ambalo halipo tena. Akawa mtoto wa miaka saba, ameshika pindo la kanga ya mama yake, wanafuata mpaka kwenda kuteka maji, na hakuna haraka yoyote duniani. Alikuwa na furaha, akasahau kabisa kwamba yuko kwenye kesi.

Kisha akasimama. Maji yalikuwa yakisikika hapo chini. Mjomba akakohoa kumhimiza, lakini Nakijwa hakusogea.

Kisaka hakuweza kujizuia. "Mbona umesimama? Umeandika kwamba chemchemi ni yako. Zimebaki hatua tatu."

"Hapa ndipo mama alipokuwa akitua mtungi," Nakijwa akasema taratibu. "Alipiga hodi kwa mama yako, na mama yako akamjibu, 'Teka, mwenzangu.' Hakuvuka hata siku moja kabla ya kujibiwa. Na mimi sivuki."

Kisaka akainamisha kichwa. Hodi ile walikuwa wakiisikia watoto wawili tu, waliosimama hapo na vibuyu vyao, na mmoja alikuwa yeye.

"Mheshimiwa," akamwambia hakimu, "mpaka ni huo huo alioufuata. Masale niliyang'oa mimi."

Hivyo Nakijwa akapewa shamba, na chemchemi ikafutwa katika madai yake. Mjomba alinuna hadi jioni. Kesho yake asubuhi, ukungu ukiwa ule ule, Nakijwa alishuka na mtungi, akautua mahali pale, akapiga hodi. Halafu sauti ya Kisaka ikatoka kati ya migomba: "Teka, dada."

Basi mwiteni huyo kaka yenu. Mwambieni avue viatu aje hapa mbele, maana mdai hutangulia njia.